Karani wa Pamba Asiyetazama Pamba

Jumatatu, 14 Julai 1986
Manyamanyama, kituo cha kununulia pamba. Wiki ya pili ya msimu. Macho yanachoma tangu asubuhi, kama yamemwagiwa mchanga. Nikitazama gunia kwa muda, ukungu. Nikipepesa, naona. Halafu ukungu tena. Mke wangu Pelagia anasema hata kitabu cha nyimbo kanisani nakishikaga tu. Kweli. Lakini karani wa pamba ni macho. Mimi ndiye nasema hii safi, hii fifi, ina madoa. Bila macho, Wanzagi wa mizani atakalia kiti changu. Anakipigia mahesabu tangu mwaka jana.

Jumatano, 16 Julai
Zahanati. Mganga kasema macho yamekauka, machozi hayatoshi. Nikae mbali na vumbi, nikande kwa kitambaa cha maji, nikatafute dawa ya matone Musoma. Hapa hata sabuni hakuna, sembuse matone. Mtu mzima kukosa machozi! Nimemwomba asimwambie mtu. Kurudi, upepo ulinishinda. Nimeshuka baiskeli nikaisukuma mpaka nyumbani.

Ijumaa, 18 Julai
Akili ni mali. Nimekariri daftari la mwaka jana. Kila mkulima kaandikwa, safi au fifi, na watu hawabadilikagi. Leo nimetazama mwenye gunia, si gunia. Foleni imekwenda mbio. Hakuna aliyelalamika. Wanzagi kaniangalia sana.

Jumanne, 22 Julai
Vibaya. Dafroza, mjane, kaleta pamba. Mwaka jana alikuwa fifi. Nikasema fifi. Hakupiga kelele. Alisema, karani, hata hujafungua gunia. Alisema yeye na wanawe wameichambua mkekani mwezi mzima, kwa aibu ya mwaka jana. Wanzagi akafungua. Hata mimi na ukungu wangu niliuona weupe ule. Nimeona haya. Katibu wa chama chetu cha ushirika, mzee Clementi, kamwomba radhi kwa niaba yangu. Kisha kaniita pembeni, kwa upole. Niende Musoma nikatibiwe. Nikileta barua ya daktari kwamba naona, kiti changu kipo.

Alhamisi, 24 Julai
Musoma. Nimefikia kwa dada, mtaa wa Nyasho. Hospitali, foleni ndefu. Ukutani mle ndani kuna alama, mgonjwa anataja zinaelekea wapi. Nimekaa benchi la mlangoni. Kila aliyeingia alitaja kwa sauti: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Watu kumi na mmoja. Nikazishika zote. Zamu yangu nimezitaja mpaka mstari wa mwisho bila kubabaika. Daktari kafurahi. Kauliza kama macho yana shida nyingine yoyote. Nimesema hapana. Basi hakuniandikia dawa. Kaandika barua tu.
Jumatatu narudi kwenye pamba. Barua nimejaribu kuisoma, macho yanachoma mno. Dada kanisomea. Inasema naona vizuri.