Usukani wa Dairekti na Ndoo ya Itigi

Fabiano hakuwa na asali, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Wazee wa Felista, mchumba wake, kule Kiomboi, walishamrudisha mara moja na kreti zake za soda. Safari hii walisema wazi: ndoo ya asali ya Itigi, au binti abaki kwao. Sasa, mtu aliyewahi kumuuzia mwalimu mkuu kengele ya shule yake mwenyewe, aende akanunue asali kwa pesa? Ingekuwa kuidhalilisha taaluma.

Ndipo akapita kwa mzee Abdulkadiri, Singida mjini. Mzee aliuza asali mbele ya duka, na nyuma alikuwa na chumba cha gemu ambacho vijana walikihama, kwa sababu jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameleta usukani wa gemu za magari. Asali mbele, shida nyuma. Fabiano aliona duka kama limejengwa kwa ajili yake.

Kesho yake akarudi na sukani mbili ndani ya mfuko wa salfeti. Zote alizitoa kwenye banda la gemu lililofungwa Dodoma, zote za mkanda, mapacha kabisa. Mmoja tu alikuwa ameujaza vyuma tumboni na kuukaza mkanda wake mpaka ukawa mgumu kuzungusha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani huyo umemfunga kwenye salfeti?"

Fabiano akazipanga mezani, akaeleza kwa utulivu wa daktari. Usukani wa mkanda, mota yake iko pembeni, inauvuta kama cherehani. Wa dairekti hauna mkanda. Mota imeshikana na usukani wenyewe, kwa hiyo gari likipiga shimo kwenye kioo cha gemu, shimo unalipata mkononi.

"Ila mzee wangu, wewe chukua huu wa mkanda. Wa dairekti vijana wako hawauwezi. Nimemwekea mteja wa Manyoni."

Mzee akanyanyua mmoja, akanyanyua wa pili, kama anayepima jogoo mnadani. Akauzungusha ule mzito, akausogezea sikio.

"Mtu wa Manyoni atanisamehe," akasema. "Nipe mzito."

Fabiano alimwonea huruma, ikapita.

Mzee akasema biashara imelala, labda amlipe kwa asali. Fabiano akakunja uso kama anayeumia, akakubali. Mzee akaingia stoo, akakaa humo muda wa kuchemka chai, akatoka na ndoo mbili.

"Chagua mwenyewe. Ila kijana wangu, wewe chukua hii ya kawaida. Ya Itigi nimemwekea mgeni wa Dodoma."

Wimbo huo Fabiano aliutunga mwenyewe, na bado hakuutambua. Akachovya njiti ya kiberiti kwenye ndoo ya Itigi, akaikwangua, ikawaka. Akaonja. Asali tupu. Akasema mgeni wa Dodoma atamsamehe.

Kiomboi walimpokea kwa vigelegele. Mzee Alute, baba mdogo wa Felista, akaomba mwiko wa ugali. Kwao asali ya posa haionjwi juu. Inakorogwa kutoka chini, mbele ya watu wote, ndipo binti anaitwa. Mwiko ukashuka vizuri, ukafika katikati ukakwama, ukapanda na uji mweusi wa sukari guru. Mzee Alute akalamba. Akampa mkewe, naye akalamba, akampa jirani.

"Mkwe," mzee akauliza kwa upole, "hivi nyuki wa Itigi siku hizi wanalima miwa?"

Felista alicheka, tena kwa sauti, na hicho ndicho kilichomuuma Fabiano. Ndoo alirudishiwa kwa heshima zote, ikiwa na kifuniko chake.

Jumatatu akaenda dukani kwa mzee Abdulkadiri na hasira zake, akakuta foleni. Ukutani kumeandikwa kwa chaki: UKIUWEZA HUU, FUSO HALIKUSHINDI MLIMA SEKENKE. Ndani, kijana mmoja jasho linamtiririka, anahangaika kukata kona, wenzake wanamzomea.

"Mzee, ile asali ni sukari guru."

"Na ule wa dairekti unalia kama cherehani," mzee akajibu, akimpimia mteja, hata macho hakuinua. "Ukitaka kujaribu, zamu yako ni baada ya yule mwenye kofia. Ila uje na pesa, mwanangu. Asali za watu mimi siziamini."