Mashine Yangu Ilivyotafsiriwa Kanisani Kakuma

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, kanisani, mbele ya askofu. (Nguo za heshima. Zile zingine ninazo mwilini. Tulieni.)

Bado niko Kakuma. Nimejificha nyuma ya kanisa kwenye kivuli cha ukuta, naandika kwa simu kabla hamjayasikia kwa mtu mwingine. Habari hii itafika Lodwar kabla yangu, nawajua watu wa hii barabara.

Mnaonifahamu mnajua nafundisha kompyuta Lodwar, nakaa Nawoitorong, na nikijua kitu siwezi kunyamaza. Hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Huku kwenye kambi ya wakimbizi kuna kanisa la Wadinka, na mchungaji wao, Mchungaji Garang, alinililia shida yake. Wana kompyuta kuukuu ya msaada na projekta, na wanataka maneno ya nyimbo yaonekane ukutani watu waimbe. Lakini Kidinka kina herufi zake. Zingine zina vidoti kichwani, zingine zina mkia. Programu yao ya nyimbo ikifika kwenye herufi hizo inachora kisanduku kitupu na kuendelea na safari. Wimbo mzima unakuwa visanduku.

Aliyeumia kuliko wote ni Mama Nyanwut. Huyu ni mama mzee mtunzi, nusu ya nyimbo za kanisa ni zake. Kusoma alijifunzia hapa kambini akiwa tayari ana wajukuu, na anasoma Kidinka tu. Leo askofu wao alikuwa anakuja kutoka ng'ambo ya mpaka, na wimbo wa kumpokea ni wa huyu mama. Hajawahi kuuona umeandikwa mahali popote pakubwa kuliko kiganja. Wiki iliyopita nilipokuja huku, mimi nikamshika mikono yote miwili nikamwambia, "Mama, Jumapili utausoma ukutani. Herufi zote." (Nani aliniuliza? Hakuna.)

Sasa sikieni ufundi, nitakuwa mfupi. Programu ikitoka dukani ni chapati iliyokwisha kupikwa. Unakula ilivyo. Aliyeitengeneza hii ya nyimbo alikuwa amesharekebisha mambo ya herufi, ila kwa mashine kuukuu kama ya kanisa hakuna chapati. Kuna unga. Yaani kuna maandishi yenyewe ya programu kama alivyoyaandika, na wewe unayajenga hapo hapo kwenye mashine yako. Kukompaili, tunaita. Na kabla ya kujenga lazima uandae mahali pa kujengea: kompaila (ndiye mpishi wa ule unga), vifaa vyake, na maktaba, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari ambavyo programu inavitegemea. Unaleta maktaba moja, inakuambia haiwezi kukaa bila shemeji yake. Unaleta shemeji, naye ana mama mkwe. Wiki nzima modemu yangu ilikuwa inavuta ukoo huo kidogo kidogo pale Lodwar.

Na niseme ukweli, huwa nasimamisha kazi nikifikiria hili. Mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua, amekaa akaandika maelfu ya mistari, kisha akaiacha wazi yeyote aichukue bure. Halafu mimi Nafula naichukua, naibeba kwenye flashi ndani ya pochi na vitunguu, hadi Kakuma. Hiyo kwangu ni maajabu. Nimefundisha kompyuta muda mrefu na bado ni maajabu.

Jana nilifika, nikasakinisha kila kitu. Nikaona saa ya mashine imepotea kabisa, kile kibetri cha ndani kimekufa, nikairekebisha kwa mkono. Vizuri. Leo asubuhi nilikuja mapema nianze kujenga. Mlangoni nikamkuta Ekai, bwana anayetunza jenereta.

"Ejok, madam! Nilizima jana nikaweka mafuta. Saa hii stima iko safi."

"Ejok noi," nikaitikia salamu yake ya Kiturkana, nikapita. Kuzimwa kwa jenereta kukaingia sikio hili kukatoka lile. Nikawasha mashine, nikaandika amri, nikabonyeza, nikakunja mikono.

Kitu kimoja mkielewe: skrini ya ile kompyuta ilikufa zamani. Projekta ndiyo skrini. Kwa hiyo kila ninachofanya kinaonekana ukutani, kikubwa, cheupe, juu ya madhabahu.

Watu wakaanza kuingia. Wakaona ukuta unaandika wenyewe. Mistari inapanda, inapanda, hakuna anayegusa kitu. Kina mama wakasimama na mikeka kwapani, midomo wazi. Mzee mmoja akavua kofia. Mchungaji Garang akanikimbilia.

"Mwalimu, hii maneno ni ya nini?"

"Ni kazi inafanyika, Mchungaji. Programu inajengwa. Kabla ya wimbo itakuwa tayari."

"Tamam! Sawa!" Akageukia watu. "Kaeni! Kazi inafanyika!"

Askofu akaingia na fimbo yake, akakaa mbele, naye akatazama ukuta. Mama Nyanwut alikuwa amekaa safu ya kwanza, miwani imefutwa, shuka jipya limefungwa begani. Akanitazama, akanipungia kidole kimoja. Moyo wangu ukawa mkubwa kuliko kanisa.

Hapo ndipo Mwinjilisti Majok aliposimama.

Majok ni mkalimani. Katika kanisa hili hakuna kinachotokea mbele kikaachwa bila kutafsiriwa. Kiingereza kinaenda Kiswahili, halafu Kidinka. Mahubiri yanatafsiriwa, matangazo yanatafsiriwa, mbuzi akipotea anatafsiriwa. Sasa mbele kuna Kiingereza ukutani, na yeye ni mkalimani. Mngetaka afanye nini? Akakohoa, akanyoosha tai, akaanza.

"Inaangalia kama kompaila iko... Iko!"

Kisha Kidinka. Kanisa likaguna kwa furaha.

"Inaangalia kama kompaila inafanya kazi... Ndiyo!"

"Amina!" mtu akaitikia.

"Inatafuta gawk... Hapana." Kanisa zima: "Oooh." Kwa huzuni kabisa. "Inatafuta mawk... Iko!"

Vigelegele! Nawaapia, vigelegele. Nikapigwa na butwaa. Kwangu hizo ni hatua za maandalizi tu, mashine inakagua kama mahali pa kujengea pamekamilika, na sijawahi kuzisoma. (Gawk na mawk ni vifaa viwili vya kazi ile ile, ukikosa kimoja unatumia kingine.) Lakini hawa ni watu wanaojua maana ya jina kuitwa na kungoja mtu ajibu. Nilisimama pale nikaisikia mistari yangu kama ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona.

"Inaangalia," akasoma Majok, akasita, akarudia kusoma, "inaangalia kama mazingira ya ujenzi yana akili timamu..."

Kina mama wakasogea mbele kidogo.

"Ndiyo!"

Kanisa likalipuka. (Ni kweli, mashine huuliza hivyo. Waliotunga hayo walikuwa na siku ndefu.)

Askofu mwenyewe akacheka, akaniita mbele niwaeleze watu. Mimi tena! Nikashika maikrofoni, nikaupa ukuta mgongo, nikaanza kuhubiri kompyuta. Nikasema kila mstari ni tofali. Nikasema hamuoni tu programu, mnaiona ikizaliwa. Majok ananitafsiri mimi, akipata nafasi anatafsiri ukuta, jasho linamtiririka. Na nyuma ya maneno yangu nasikia kanisa linaitikia, linazidi kuchangamka.

"Inatafuta gawk..."

"Hapana!" kanisa zima.

"Inatafuta mawk..."

"Iko!"

Nikajiambia, ona, Nafula, umeamsha watu. Nikaanza hata kupunga mkono kama mwalimu wa kwaya. Kina mama wakawa wanaitikia kabla Majok hajafungua kinywa. Wanaume wakaingia kwa sauti ya chini. Ikawa na mdundo wake. Mtu akaleta ngoma.

"Mazingira yana akili timamu?"

"NDIYO!"

Nikainua mkono juu kabisa. Ndipo askofu akaniinamia, akaninong'oneza kwa Kiingereza cha taratibu, na kwa upole ulionimaliza kuliko matusi: je, huyu anayetafutwa si alishapatikana? Mbona anatafutwa tena?

Nikageuka.

Ukuta ulikuwa unatafuta kompaila. Kompaila ile ile. Nikangoja. Gawk, hapana. Mawk, iko. Akili timamu, ndiyo. Ukafika mwisho wa maandalizi, ukatulia kidogo, ukarudi mwanzo, ukaanza kutafuta kompaila.

Muda wote ule haikujengwa hata tofali moja. Kanisa lilikuwa limekariri mzunguko wa mashine iliyokwama, na mimi ndiye niliyekuwa nawaongoza kwa mkono!

"Mungu wangu, nimeharibu," nikajisemea chinichini.

Maikrofoni ilikuwa mdomoni. Majok akatafsiri.

Kanisa likaguna. "Majok," nikasema, "hiyo usitafsiri." Akatafsiri na hiyo. Sasa watu wakaanza kucheka, mzee aliyevua kofia akajifunika nayo uso. Nikapiga magoti mbele ya kibodi (wageni walidhani naomba, na hawakukosea sana), nikatazama pembe ya chini ya ukuta. Pale mahali pa tarehe pameandikwa Januari, mwaka 2002.

Jenereta. Ekai. Mafuta. Kibetri.

Mkinielewa mtanihurumia. Jenereta ilipozimwa, mashine ilisahau tarehe niliyoiwekea ikarudi zamani. Faili nilizoleta kwenye flashi ni za mwaka huu. Kwa hiyo kila ikimaliza maandalizi inazitazama faili, inaona zina tarehe ya mbele kuliko kazi iliyoifanya, inasema loo, hizi zimebadilishwa, nianze upya. Inaanza. Inamaliza. Inatazama. Loo.

"Watu wanauliza shida ni nini," Mchungaji Garang akaniambia, macho yake hayaniangalii mimi, yanamwangalia askofu.

"Mashine inadhani tuko mwaka elfu mbili na mbili."

Majok akatafsiri. Na kanisa, lililokuwa linacheka, likanyamaza ghafla. Nikaogopa kweli. Sikujua nimesema nini. Kisha Mama Nyanwut akasimama na kusema kitu kwa Kidinka, kwa sauti kubwa, akinyoosha mkono ukutani, na watu wote wakapiga kelele.

"Anasema uitoe huko haraka," Majok akanitafsiria. "Anasema huko bado ni vita. Anasema huko sisi hatuna hata nchi."

Nchi yao haijamaliza miaka miwili tangu ipate uhuru, jamani. Nikaandika tarehe ya leo, namba kwa namba, kanisa zima likiangalia. Nikabonyeza. Pembe ya ukuta ikasoma mwaka huu. Vigelegele vya hapo sitavisahau, ni kama niliwavusha mto.

Nikaanza ujenzi upya. Mashine ikatafuta vitu vyake mara moja tu, watu wakaitikia kwa furaha (sasa wanajua yote kwa moyo), kisha ikaingia kazini kweli. Mistari mipya, mirefu, iliyobanana, ambayo hata Majok aliiangalia akafunga mdomo. Askofu akasema wacha tuendelee na neno wakati mashine inafanya neno lake. Akahubiri. Ekai aliniambia baadaye kwamba alikaa amekumbatia jenereta asije mtu akaigusa. Mimi sikusikia mahubiri hata kidogo. Nilikuwa nasoma ukuta, nikifika kila faili naomba, pita, tafadhali, pita.

Mashine ikatulia mahubiri yakielekea mwisho. Hakuna kosa. Nikafungua programu, nikachagua wimbo, nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, ukuta ulikuwa umejaa Kidinka. Vidoti vipo. Mikia ipo. Hakuna kisanduku hata kimoja. Hakuna aliyepiga kelele safari hii. Mama Nyanwut akaondoka kwenye kiti akaenda hadi ukutani, maneno yakamwangukia usoni na kwenye shuka, akayasoma kwa kidole, mstari wa kwanza, polepole, peke yake. Alipomaliza mstari ndipo kanisa likaingia. Mimi nililia mbele za watu kama mtoto. Nilishangaa, ndiyo neno lenyewe.

Kisha ibada ikaisha na aibu ikarudi yote. Nikitoka, kina mama wawili wakanipita mlangoni. Mmoja akaimba, "Inatafuta gawk?" Mwenzake akajibu, "Hapana!" Wakashikana mabega kwa kicheko. Hata watoto wanaimba. Ndiyo maana niko nyuma ya ukuta.

Mama Nyanwut amenifuata huku sasa hivi na sahani ya chakula. Nimemwambia nimeaibika sana, mbele ya askofu wake. Ameketi chini kando yangu, akanisogezea sahani.

"Binti yangu," amesema kwa Kiswahili chake, "mimi nimengoja hii herufi toka bado msichana. Wewe aibu yako ni ya asubuhi moja tu. Kula."

Nakula. Haya, basi, nawaruhusu mcheke. Ila mpange foleni, mmoja mmoja, na mnipe nafasi nimeze.