Tume ya Ubavu wa Dola

Wanachama wote wa Umoja wa Wazungumzaji wa Kiswahili, Johannesburg Mashariki, walitaarifiwa rasmi kwamba umaskini wa Umoja umekomeshwa. Tangazo hilo lilitolewa na Mheshimiwa Mwenyekiti Kiplagat Jumapili moja baada ya ibada, pale Kensington, na mimi Steve, Katibu wake, ndiye niliyeongoza makofi.

Umaskini huo ulikomeshwa na Jocelyne, ingawa mwenyewe hakuwa na habari. Jocelyne ni Mkongo, msusi katika saluni ndogo kando ya barabara kuu. Kaka yake Pitchou, ambaye hawajaonana tangu kila mmoja akimbie Bukavu kwa njia yake, alimtumia kutoka Marekani sarafu tatu za dola zenye rangi ya dhahabu. Mbili zilikuwa na sura za marais, Washington na Jefferson. Ya tatu ilikuwa na mama aliyebeba mtoto mgongoni. Pitchou alimwambia kwenye simu kwamba hiyo aliitafuta makusudi, kwa maana mama yao aliwabeba vivyo hivyo.

Jocelyne alizipeleka benki, wakamwambia hawabadilishi sarafu za kigeni. Akapiga simu kwao, ambako dola ni mfalme, wakamjibu kuwa huko mfalme ni wa karatasi, tena asiwe na mkunjo. Ndipo akamjia Mwenyekiti, kwa kuwa anafanya kazi benki, amwambie kama zile ni pesa kweli.

Mtu wa kawaida angejibu ndiyo au hapana. Mheshimiwa aliunda Tume, yaani yeye na mimi.

Alitueleza historia ya sarafu hizo kwa kirefu. Wamarekani, alisema, walitoa dola kubwa yenye sura ya Eisenhower mwaka 1971; wananchi wakaona ni mzigo mfukoni. Mwaka 1979 wakatoa ndogo, yenye sura ya mama aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura. Wananchi wakaichanganya na robo dola, wakaisusa. Mwaka 2000 akaja huyu wa mtoto mgongoni. Akasifiwa sana, kisha akafungiwa kwenye madroo. Mwaka 2007 wakaanza kutoa marais, mmoja baada ya mwingine, mpaka maghala yakajaa, na mwishoni mwa 2011 serikali ikaamua kuwa kuanzia hapo watengenezwe kwa ajili ya wakusanyaji wa sarafu tu. Hapo Mheshimiwa alivua miwani, akiwa ameguswa.

"Serikali inayowapa watu kitu wasichokitaka, miaka arobaini bila kuchoka," alisema, "hiyo ndiyo yenye maono."

Kuhusu thamani, alikiri kwamba nyingi ya sarafu hizo, zikishapita mikononi mwa watu, hazizidi dola moja. Lakini mwaka ule wa 2007 Washington wengi walitoka kiwandani bila yale maandishi madogo yanayopaswa kuzunguka ubavu, na wakusanyaji huwalipia bei ya juu kuliko dola yenyewe. Tume ikaichunguza Washington ya Jocelyne na kubaini kuwa ina maandishi yake yote. Tukaikubali hali hiyo kama kasoro inayorekebishika.

Sarafu zote tatu zikachukuliwa chini ya ulinzi wa Tume. Jocelyne aliomba abaki na ile ya mama. Mheshimiwa akamfafanulia, kwa upole, kwamba mali ikishakuwa chini ya ulinzi haiwezi kulindwa nusu nusu.

Urekebishaji ulifanyika gerejini kwa Mheshimiwa, mchana kweupe, kwa uwazi kamili, milango ikiwa imefungwa. Mimi niliibana Washington kwenye jiliwa, yeye akaipiga tupa kuzunguka ubavu mpaka maandishi yakafutika. Ubavu ulipokuwa laini kama kipara, akaung'arisha kwa dawa ya kusugulia shaba na kuniambia kwamba Wamarekani walikuwa na nia hiyohiyo, ila hawakuwa na uvumilivu.

Jumamosi iliyofuata msafara ulielekea sokoni Newtown: Mheshimiwa mwenye tai, Mchungaji Marcellin wa kuombea mauzo, mimi wa kubeba mkoba, na Jocelyne, aliyekuja bila kualikwa. Mfanyabiashara wa sarafu pale anaitwa Sidney, mzaliwa wa Nakuru aliyekulia Joburg. Aliiweka Washington chini ya kioo cha kukuzia, akaigeuza, akaiweka kwenye mizani, akaguna.

"Eish," alisema. "Hii imepigwa tupa. Hata uzito umepungua."

Mheshimiwa akamjulisha kwamba ule ni uchakavu wa kihistoria. Sidney hakubishana naye. Alichukua Jefferson, ambaye hatukuwa tumemgusa, akampa Mchungaji pamoja na kile kioo, na kumwomba asome maneno ya ubavuni, kwani ndiyo yaleyale yaliyokuwa kwenye Washington. Mchungaji alisoma taratibu akizungusha sarafu kwa kidole gumba. Akapita mwaka, akapita Kilatini, kisha akakisimamisha kidole.

"Imeandikwa kwamba tumaini letu ni kwa Mungu," alisema hatimaye. "Mzee wa kanisa Kiplagat, wewe umechukua tupa, ukamfuta Mungu?"

Mheshimiwa alijibu kwamba uamuzi ulikuwa wa Tume. Nilitazama mkoba wangu, ambao siku hiyo ulihitaji kutazamwa sana. Mchungaji akasema basi Tume nzima itaeleza mbele ya kanisa kesho, na Mwenyekiti ataanza.

Jocelyne akasogea mbele. Alinyoosha mkono mbele ya mkoba. "Papa Mwenyekiti, ile ya mama munirudishie."

Nikampa. Sidney alimweleza kwa upole kwamba sarafu ile ni ya kawaida, kwa wakusanyaji haina thamani ya kuringia. Jocelyne alimshukuru, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, akaonekana kama mtu aliyetua mzigo. Akarudishiwa na Jefferson.

Ikabaki ile iliyoharibiwa. Mheshimiwa alitaka kuiweka mfukoni, lakini Sidney akaishika. Alisema anayo kabati ya sarafu za kughushi, ambayo wateja huipenda kuliko kitu kingine chochote dukani, na tatizo la waghushi ni kwamba hawajulikani kwa majina. Yenye fundi anayejulikana ni adimu kweli. Akamtolea Jocelyne Washington mwingine, mzima, mwenye maandishi yote, wabadilishane. Jocelyne akakubali.

Sidney alichukua kikaratasi cha kubandika chini ya kioo cha kabati, akafungua kalamu. Mheshimiwa alimwambia kuwa haoni haja.

"Kiplagat," alisema Mchungaji Marcellin, akisogea karibu ili asikike vizuri. "Inaanza na K."