Chupa Yenye Jina la Maniben

Jumatatu, 3 Machi 1975

Mtungi umekauka tena! Niliujaza asubuhi, Bibi kaumaliza kabla ya jioni. Na amekonda, gauni linamning'inia kama limeanikwa kambani. Dalili hizi tulifundishwa kwenye sayansi: ugonjwa wa sukari. Sina shaka hata kidogo.

Baba na Mama wamehamia kijiji cha ujamaa huko Mitundu. Mimi nimebaki hapa Unyambwa kwa ajili ya shule. Wametuletea chupa ya asali na salamu fupi. Nyumba ni ya Bibi na mimi tu. Asipokuwepo, asubuhi nitamwamkia nani?

Jumanne, 4 Machi

Zahanati. Daktari Gaspari alimtazama Bibi kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema ugonjwa wa sukari ni wa watu wanene wenye maduka. Mkulima wa mtama ataipata wapi hiyo sukari? Akampa dawa ya minyoo. Nilipotaja somo la sayansi, aliniuliza kama nimeleta mgonjwa au nimekuja kumsahihishia mtihani. Foleni nzima ikacheka. Bibi naye akacheka! Msaliti.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango! Mkojo wa Bibi ndani ya chupa, na juu ya chupa nimeandika: Maniben. Huyu ni mama mwenye duka la vitambaa tunakonunua mafuta ya taa pia. Mnene. Ana duka. Daktari angekataaje?

Nikasema nimetumwa. Akachanganya mkojo na ile dawa ya bluu ya kupimia sukari, akachemsha juu ya taa ya spiriti. Ukawa mwekundu kama tofali! Nikapiga kigelegele. Watu wote wakanigeukia. Nilisahau kwamba hiyo ni habari mbaya.

Nilikusudia kumweleza ukweli papo hapo. Lakini alikwishapanda baiskeli, anakwenda kumpa Maniben pole.

Ijumaa, 7 Machi

Maniben kakatazwa sukari. Kalia sana. Kanipa ladu zote, zile tamutamu za Kihindi alizokuwa amepika, eti binti, mpelekee bibi yako, mwenzangu mzima, anaweza kula. Nimezila zote njiani ili zisimfikie Bibi. Kujitolea si kazi rahisi. Tumbo linauma.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa. Nilikuwa na Bibi kwenye foleni ya zahanati, Maniben kaja na mkojo wake mwenyewe. Bluu tupu! Daktari akasimama mlangoni akatangaza kwamba amemponya mgonjwa wa sukari kwa kumpa masharti tu. Foleni ikampigia makofi. Maniben akamshukuru, kisha akauliza ile chupa ya kwanza aliileta nani, maana yeye hakutuma mtu.

Sijawahi kutazamwa na watu wengi namna ile.

Daktari hakufoka. Ingekuwa afadhali. Alimwita Bibi ndani, akapima. Tofali. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye alifundishwa hivyo, wanene na wenye maduka. Labda waliomfundisha hawakufika Unyambwa. Akamwomba Bibi radhi. Mimi akanionya kwamba kamwe, kamwe nisiandike tena jina la mtu mwingine kwenye chupa. Nimeahidi.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari alimpelekea Mama habari, naye amefika kwa lori! Nilikuwa nimemchemshia chai. Hakukaa. Alinishika kichwani, akauliza habari za shule, akaondoka na Bibi kwenda hospitali ya mjini. Chai nimekunywa mimi, vikombe vyote.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kuwaona. Bibi anachomwa sindano kila siku na ameanza kuwatania wauguzi. Atapona! Au, kama alivyonisahihisha daktari wa pale, hatapona ila ataishi vizuri. Mama analala chini kando ya kitanda chake. Nikaomba nilale nao. Muuguzi akasema wanaolala pale ni wagonjwa, na mwangalizi mmoja kwa kila mgonjwa.

Nimerudi peke yangu. Mtungi umejaa. Haupungui.

Nimewaza njia nzima. Ile asali ya Mitundu bado ipo, Bibi amekatazwa kuionja. Nimeosha chupa nyingine vizuri, nimekojoa, nimetia kijiko kimoja cha asali. Kisha kingine, ili Daktari Gaspari asiwe na shaka. Jumatatu nampelekea.

Na juu ya chupa nimeandika Marietha, jina langu mwenyewe. Niliahidi.