Sahani ya Bi. Lila na Kibao cha Watu 413

Walthamstow, London

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Nyumba za Kale ya Kaunti,
Iowa, Marekani.

Mheshimiwa Bi. Lila,

Natumaini wewe na mahindi yenu mnaendelea vizuri. Mimi ni Lusekelo, kaka yake Valeria, yule nesi aliyepanga nyumba jirani na yako. Barua hii atakutafsiria yeye. Akiruka mahali, ujue ndipo penye ukweli. Nalalamika, kwa heshima zote, kwamba mdogo wangu alikuja kwenu kwa mwaka mmoja, sasa ni wa tatu, na kosa ni lenu.

1. Kibao cha kuingilia mjini kilisema wakazi 412. Alipofika mkafuta, mkaandika 413. Mimi nina miaka kumi na tisa London na hakuna aliyeshika brashi kwa ajili yangu. Sasa ataondokaje? Ataona haya kumsumbua fundi rangi.

2. Nyumba yake ilijengwa na walowezi mwaka 1894, na kamati yako imemkataza kubadilisha hata kitasa. Ninapopanga mimi ni pa miaka hiyohiyo, na unyevu uleule, lakini hakuna anayepaita historia. Zamani, alipokuwa akiishi nami hapa, tulipalalamikia pamoja. Siku hizi ananitumia picha za kitasa.

3. Hili ndilo zito. Ulimpelekea pai kwenye sahani. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, akairudisha na maandazi. Nawe, badala ya kunyamaza kama majirani wa huku, ukaijaza tena. Leo nyumba kumi na moja zinazungusha sahani, na kila Jumapili nikipiga simu yuko jikoni anakaanga. Ile ilikuwa saa yetu. Mimi bado napika wali wa watu wawili, mazoea yana taabu.

4. Najua vijana wanahama kaunti yenu na nyumba zinabaki za popo. Lakini London ina watu tele, chukueni wengine. Jirani yangu wa ghorofani anajifunza kupiga ngoma. Nitamfungia mizigo mwenyewe.

Kwa hiyo naomba kibao kirudi 412 na Valeria arudi kabla ya Krismasi.

Wasalimie wanakamati, fundi rangi, na nyumba zote kumi na moja.

Wako mwenye kinyongo cha adabu,
Lusekelo

Nyongeza: Ile sahani ya biskuti uliyonitumia kupitia Valeria imefika nzima. Nilitaka kuirudisha na vitumbua, posta wakakataa. Tupu siwezi. Basi nimekata tiketi ya Desemba, niilete mwenyewe. Ile nyumba ya popo iliyo mkabala na Valeria msimpe mtu kwanza, na mwambie fundi rangi asifunge mkebe wa rangi.