Vita vya Bi Monica na Herufi Moja

Njooni, enyi mwendao Iringa nanyi mrudio Morogoro! Zimeni injini, na wewe mwenye muhindi wa kuchoma tafuna taratibu, maana nasimulia vita vya Bi Monica binti Damiano, simba jike wa milima ya Vidunda, mwenye gesti ya vyumba sita hapa Mikumi.

Siku hiyo mwalimu Gabrieli alikuwa njiani na wanafunzi wake, naye alikwisha kunena kwa simu: "Mama, nisipoviona vyumba mtandaoni kabla ya saa sita, tutalala kwa jirani." Tangu masika hapakulala mgeni. Bi Monica aliogopa, tusifichane, kwamba atafunga gesti arudi mlimani kulima maharage.

Ndipo akaitwa Yunis, binti wa dada yake mdogo, fundi asiyebofya vipicha bali huandika amri kwenye kioo cheusi cha kompyuta, na tovuti hupaa hadi kwenye kompyuta za mbali ziitwazo wingu. Yunis akaandika amri ya kuirusha tovuti ya gesti, akapanda stuli, akaitoa simu dirishani kuuwinda mtandao.

"Mama mkubwa!" akanguruma. "Nikishuka mtandao unakata! Kioo kinauliza kama unakubali. Mwenye nyumba ndiye afunguaye mlango: jibu kwa herufi moja, ubonyeze enta!"

Bi Monica akavaa miwani. Mbele yake adui alisimama wazi: y/n. Akainua kidole kilichong'oa magugu ya ekari nne, akapiga n. Kioo kikatangaza kwamba safari imeghairiwa.

"Imekataa!"

"Mshale wa juu, enta, kisha jibu tena!"

Akapiga n ya pili. Akapiga ya tatu, kwa hasira, hata meza ikalia. Saa sita kasoro dakika nne, na shujaa machozi yakimlengalenga.

"Mama, samahani, unapiga ipi?"

"N! N ya ndiyo! Nimekubali mara tatu, hata mume wangu nilimkubali mara moja!"

Yunis nusura aanguke. "Hicho hakijui Kiswahili, mama! N yake ni kukataa, Y ni kukubali. Piga Y!"

"Wai? Wai ya nini?"

"Ya Yunis!"

"Si ungesema mapema!"

Akapiga. Tovuti ikapaa, vyumba sita na vyandarua vyake, na simu ikaita papo hapo: mwalimu ameviona. Basi na iandikwe, vizazi visome, kwamba Mikumi haikuanguka siku ile.

Jioni basi likasimama mlangoni. "Hodi! Shikamoo, mama. Tunaruhusiwa kuingia?"

"Marahaba, mwalimu," akajibu Bi Monica, akiinua kidole kilekile. "Wai."