Kipimo Kimeelewa

Inatangazwa kwa wananchi wa Bukoba na Muleba, wenye bando na wasio na bando, kwamba mimi, Mwajuma wa Hamugembe, mhitimu wa darasa la saba, nimeteuliwa kuwa Kipimo Rasmi cha Ufanisi wa Kozi za Juu za Sayansi na Uhandisi Zitolewazo Mtandaoni.

Siyo mpimaji. Mpimaji ni kamati iliyoniteua. Mimi ni kipimo, kama rula.

Hoja ya mwenyekiti wake, Ta Lwakatare, ilikuwa nzito: kozi imefaulu pale tu mwanafunzi anapomweleza bibi asiyejua kitu, naye akaelewa. Wakazunguka mji mzima wakitafuta bibi asiyejua kitu. Kila bibi akakana. Mimi nikauliza kama kuna chai.

Waraka ukatoka. Kipimo kihifadhiwe mahali pakavu. Kisisikilize taarifa ya habari. Kisikae karibu na walimu, kisije kikachafuka kwa elimu. Nikapigwa muhuri begani, juu ya kanga.

Sasa, ilikuwepo kazi moja: fundi mkuu wa pampu ya maji ya umeme-jua kule Muleba. Mastura wa Kitendaguro alikuwa ameisomea kwa simu mwaka mzima, akipanda mlimani kufuata mtandao. Akifaulu kwangu, kazi yake. Akifeli, inakwenda kwa Aristides, mpwa wa mwenyekiti, ambaye hakusomea pampu lakini amewahi kuoga.

Katibu, Ma Clotilda, akaninong'oneza: "Waitu, bibi yangu, mwenyekiti amekuchagua kwa kuwa anaamini hutaelewa chochote."

"Imani ni kitu kizuri," nikamjibu.

Mastura akaingia.

"Bibi, ukiinjika sufuria tupu motoni?"

"Inaungua."

"Pampu nayo inapozwa na maji. Kisima kikikauka, nayo ikaendelea kuzunguka, inaungua. Nimejifunza kufunga kifaa cha kuizima mapema."

"Nimeelewa," nikasema.

Ta Lwakatare akasimama. "Kipimo kimeharibika! Kimeelewa!"

"Tutajuaje kama kimeharibika?" akauliza Ma Clotilda.

"Nitakieleza shahada yangu ya uzamivu, niliyoipata mtandaoni. Ni ngumu mno. Kikisema kimeielewa hiyo nayo, basi ni kibovu, kinaitikia kila kitu, na matokeo ya binti huyu yanafutwa."

Akaanza. Mfumo jumuishi. Vigezo mtambuka. Uongofu wa nishati. Hapo nikaitikia amina, nikidhani ni mawaidha. Alipomaliza, shati lilikuwa limelowa jasho.

"Umeelewa, bibi?"

"Hata chembe."

Wajumbe wakapiga makofi: kipimo ni kizima! Mastura akakabidhiwa barua ya kazi palepale, akaniangukia kifuani, akilia na kucheka.

Ma Clotilda hakupiga makofi. Alikuwa anasoma waraka. "Mwenyekiti, hapa umeandika kwamba yeyote ambaye kipimo hakikumwelewa, amefeli."

"Lakini huyu bibi hajasoma!"

"Ndiyo sifa iliyonipa kazi, baba," nikasema.

Shahada yake imesimamishwa mpaka arudie mtihani, na uenyekiti umesimama nayo. Kila Jumamosi anakuja kwangu kujieleza. Juzi alieleza vizuri kabisa, nikaelewa karibu yote. Nikamwambia arudi wiki ijayo. Haji mikono mitupu, na msimu wa senene, wale panzi watamu wa kukaanga, ndio kwanza umeanza.